Kupangisha Nyumba Moja kwa Wapangaji Wengi Dar es Salaam: Hatua kwa Hatua, Kuanzia Chooni

Swali linarudi kila mara, maneno tu ndiyo yanabadilika. "Nina nyumba ya vyumba vinne Sinza, familia iliyokuwa imepanga imehama. Nikiipangisha chumba kimoja kimoja si nitapata mara mbili?" Mwingine amerithi nyumba Mabibo, karibu na Chuo cha Usafirishaji, anaona wanafunzi wanapita getini kila asubuhi. Mwingine hana nyumba kabisa. Anataka kukodi ya mtu nzima nzima, halafu aigawe kwa vyumba. Mwongozo huu ni wenu nyote watatu. Nimeuandika kwa Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakosimamia nyumba za namna hii. Aliye Dodoma, Mwanza au Arusha atabadilisha bei na majina ya mitaa. Kazi ni ileile.

Watu wasio na undugu kuishi nyumba moja ni jambo la zamani hapa mjini. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Ilala ilijengwa kwa hilo: korido katikati, vyumba huku na huku, uani kuna jiko, choo na bafu. Tunayoizungumzia leo inatofautiana nayo kidogo. Mpangaji anapata chumba chenye kitanda, kabati na kufuli lake. Jiko na sebule vina vifaa tayari na ni vya wote. Bili zimo ndani ya kodi, au zinagawanywa kwa utaratibu ulioandikwa. Wateja wake ni wanafunzi, waajiriwa wapya wasio na samani, wauguzi na madaktari walioko mafunzoni Muhimbili, na mtu mzima aliyehamishiwa Dar kikazi huku familia imebaki mkoani.

Shika jambo moja kabla ya yote: idadi ya wapangaji haiamuliwi na idadi ya vyumba. Inaamuliwa na vyoo, maji na umeme. Anayeanza kwa kuhesabu vyumba hujaza nyumba mwezi wa kwanza na kuwapoteza watu mwezi wa nne.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nyumba yenye vyoo viwili au zaidi, au nafasi ya kuongeza cha pili.
- Hati au nyaraka za umiliki. Kama nyumba si yako, ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba kwamba utapangisha kwa wengine.
- TIN (namba ya mlipakodi), na kufahamiana na ofisi ya serikali ya mtaa. Jitambulishe kwa mwenyekiti kabla hujaleta watu. Siku ya ugomvi utamhitaji.
- Fundi bomba na fundi umeme unaowaamini, wenye leseni kwa upande wa umeme.
- Fedha za ukarabati na samani, pamoja na akiba ya kuendesha nyumba kwa miezi mitatu ikiwa nusu tupu.
- Mtu wa kuisimamia. Kama unaishi mkoani na huna msimamizi, pangisha kwa familia moja, utalala usingizi.

Hatua ya 1: Fanya hesabu kabla ya kununua hata kitasa

Tufanye hesabu ya mfano. Weka namba za mtaa wako. Nyumba ya vyumba vinne, sebule, jiko na vyoo viwili. Familia moja ingelipa 900,000 kwa mwezi na kujilipia bili zake zote. Wewe unawaza vyumba vinne kwa 300,000 kila kimoja, bili zikiwa ndani: 1,200,000. Inavutia. Sasa toa matumizi ya mwezi:

- umeme na maji 160,000
- intaneti 70,000
- msichana wa usafi wa maeneo ya pamoja 80,000
- gesi na taka 40,000
- akiba ya matengenezo 60,000
- vyumba kukaa wazi: kimoja kikikosa mtu miezi miwili kwa mwaka, ni 50,000 kwa mwezi

Jumla ni 460,000. Unabaki na 740,000, pungufu ya ile 900,000 uliyokuwa ukiletewa na familia bila kusumbuliwa. Kwa nyumba hiyo, bei ya 300,000 ni hasara. Ukiweza kutoza 380,000 mapato yanakuwa 1,520,000, matumizi yanapanda hadi kama 473,000, na unabaki na 1,047,000. Faida ya ziada ni 147,000 kwa mwezi. Kama umetumia milioni sita kwa vitanda, makabati, friji na ukarabati, fedha hizo zitarudi baada ya zaidi ya miaka mitatu. Na hapo kodi ya serikali bado.

Simwambii mtu asifanye. Namwambia ajue bei ya chini anayoweza kukubali kabla dalali hajamtajia bei yake.

Kwa wewe unayetaka kukodi nyumba ya mtu na kuigawa, hesabu ni kali zaidi, kwa sababu chumba kikikaa wazi mwenye nyumba wako bado anadai chake. Hata wenye mitaji mikubwa walianguka. The Collective, kampuni ya London ya kupangisha vyumba katika nyumba za pamoja, ilifungua jengo la Old Oak lenye vyumba zaidi ya 500 mwaka 2016, na mwaka 2021 kampuni ikawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Common ya Marekani, ya biashara hiyo hiyo, ilifilisika mwaka 2024. Usikubali kumlipa mwenye nyumba mwaka mzima mkononi wakati wapangaji wako wanakulipa mwezi kwa mwezi. Jadili miezi mitatu mitatu, na muda wa matayarisho usiolipiwa.

Hatua ya 2: Chagua aina moja ya mpangaji

Mwanafunzi na muuguzi wa zamu ya usiku hawaelewani katika nyumba moja. Mmoja anacheka sebuleni saa tano usiku, mwingine anataka kulala saa tatu asubuhi. Angalia kilicho karibu nawe kwa miguu: Changanyikeni, Makongo na Survey ziko upande wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, Upanga iko jirani na Muhimbili, maeneo ya Kimara, Ubungo na Magomeni yako kwenye njia ya mwendokasi iliyoanza kufanya kazi mwaka 2016, kwa hiyo yanawafaa wanaofanya kazi Posta na Kariakoo.

Amua mapema kama nyumba ni ya wanawake tu, wanaume tu, au mchanganyiko. Ya wanawake tu hujaa haraka na wazazi huiamini, ila inadai geti, taa za nje na mlinzi wa uhakika. Ukiamua mchanganyiko, tenga vyoo.

Hatua ya 3: Hesabu vyoo na maji

Kipimo changu: choo kimoja na bafu moja kwa watu wasiozidi wanne. Watu watano wakitumia choo kimoja, saa kumi na mbili asubuhi panakuwa na foleni, na foleni ya asubuhi ndiyo inayohamisha watu. Ukiweza, tenganisha choo na bafu kwa ukuta na milango miwili. Anayeoga asimzuie anayetaka choo. Ukuta huo mmoja una thamani kuliko televisheni ya sebuleni.

Maji yapigie hesabu kwa lita. Weka lita 80 kwa mtu kwa siku, kuoga, kufua na choo pamoja. Watu sita ni lita 480. Simtank ya lita 2,000 itawachukua siku nne DAWASA wakikata. Ya lita 1,000 itawafikisha siku ya pili tu, halafu unaanza kutafuta boza usiku. Weka tangi chini la kupokea maji ya mgao na jingine juu, na pampu kati yake. Tangi la juu likae kwenye mnara wa zege au nguzo imara. Lita 2,000 ni tani mbili. Kuta za zamani za tofali za uani hazijajengwa kwa ajili ya uzito huo.

Kisha fungua chemba, uangalie shimo la majitaka. Shimo lililochimbwa kwa familia ya watu watano litajaa haraka zaidi likipokea watu wanane. Vuta majitaka yote kabla wapangaji hawajaingia, andika tarehe, ili siku litakapojaa tena ujue mzunguko wake ni wa miezi mingapi.

*Kosa la kawaida:* kugeuza sebule kuwa chumba cha kupangisha. Unaongeza kodi moja na kuua nyumba nzima. Watu wakikosa pa kukaa wanajifungia vyumbani, hawajuani, na wasiojuana hawavumiliani. Kosa jingine ni kukata chumba kikubwa kwa plaiwudi. Mpangaji atasikia jirani akigeuka kitandani. Kama lazima ugawe, tumia tofali, na kila chumba kipate dirisha lake la nje.

Hatua ya 4: Panga umeme, na upange mita

Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza usalama. Mwite fundi akague nyaya: za soketi ziwe na unene wa milimita 2.5 za mraba, za taa 1.5, eathi iwepo na ifanye kazi, na kila kundi la soketi liwe na breka yake. Weka soketi za kutosha kila chumba, angalau nne. Zikiwa mbili, mpangaji ataleta ekstensheni, juu yake atachomeka nyingine, na hapo atatia pasi.

Halafu bei. Nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hununua umeme kwa bei nafuu ya matumizi madogo. Nyumba ya watu watano au sita kwenye LUKU moja haitabaki hapo. Itanunua kwa bei ya kawaida, ambayo pamoja na kodi na tozo inafika kama shilingi 356 kwa uniti. Pigia hesabu bei hiyo.

Sasa angalia hita ya kuogea. Hita ya wati 4,500 ikiwaka dakika kumi inakula uniti 0.75. Watu wanane wakioga mara moja kwa siku ni uniti 6, kwa mwezi 180, karibu shilingi 64,000 zinazopita bafuni. Kwa joto la Dar, bafu la pamoja halihitaji hita. Chumba cha self, chenye choo na bafu ndani, unaweza kukiwekea, mradi umeme wake upite kwenye mita ya chumba hicho.

Mita zenyewe: acha LUKU moja ya TANESCO kwa nyumba nzima, na kila chumba kiwe na mita ndogo inayosoma matumizi yake. Ukimwambia fundi "submita" atakuelewa. Daftari linaning'inia kwenye msumari pembeni ya bodi ya umeme, na kila mwisho wa mwezi mpangaji mmoja anasoma namba mbele ya mwenzake, wote wawili wanasaini. Hesabu yake ni hii. Tuseme nyumba imetumia uniti 210. Vyumba vimesoma 45, 30, 52 na 38, jumla 165. Zilizobaki, 45, ni za friji, pampu, ruta na taa za pamoja. Gawa kwa nne, kila mmoja 11.25. Mwenye chumba cha kwanza atalipia uniti 56.25, kama shilingi 20,000. Hakuna wa kunung'unika, kwa sababu namba aliziona mwenyewe.

Utaratibu wa "tuchange elfu kumi kumi" unakufa siku mmoja atakapoleta jiko la umeme.

Ukipenda bili ziwe ndani ya kodi, weka kikomo, kwa mfano uniti 40 kwa chumba, ziada analipa. Ukiamua kuomba mita za TANESCO kwa kila chumba, kumbuka kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU tangu 2021. Kwa viwango vya 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila ghorofa. Nenda TRA na namba za mita zote, uhakikishe jengo moja halikatwi kwenye kila mita. Na kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Ikikatwa kwenye fedha za mpangaji, mrudishie.

Hatua ya 5: Jiko, gesi na njia ya kutokea

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia chini, sakafuni, ikisubiri cheche. Mtungi ukae nje kwenye kibanda chenye matundu chini, mpira au bomba lipite ukutani kuja jikoni. Mtungi mmoja wa kilo 15 na mwingine wa akiba unatosha nyumba ya watu sita, na jiko liwe la mafiga manne. Mafiga mawili kwa watu sita ni vita ya kila jioni.

*Onyo lisilo na mjadala:* hakuna mtungi mdogo wa gesi wala jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, na mtu anakufa usingizini. Liandike kwenye mkataba, liandike ukutani, na likivunjwa usisamehe.

Madirisha yetu mengi yana nondo. Ni sawa kwa wezi, ni balaa kwa moto. Kila chumba ambacho mlango wake unatokea koridoni kiwe na dirisha ambalo grili yake inafunguka kwa ndani, na funguo iko pale pale kwenye msumari. Mlango mkuu ufunguke kwa ndani bila funguo. Kizima moto kimoja jikoni, kimoja koridoni. Fundi grili anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja au mbili.

Hatua ya 6: Samani

Nunua kidogo na imara: kitanda cha mbao ngumu, godoro jipya, kabati lenye kufuli, meza na kiti. Jikoni, kila mpangaji apate kabati lake dogo linalofungwa. Friji igawanywe kwa rafu, jina juu ya rafu. Usinunue masofa ya kitambaa.

Hatua ya 7: Andika kanuni kabla mtu wa kwanza hajaingia

Kanuni zikija baada ya ugomvi zinaonekana zimemlenga mtu. Zikiwepo tangu mwanzo, ni za nyumba. Ukurasa mmoja unatosha, lakini usiache haya:

- *Wageni.* Wa mchana, mpaka saa ngapi. Wa kulala, usiku mingapi kwa mwezi, na taarifa kwa nani. Mimi huweka usiku mbili kwa mwezi. Anayezidi analipa sehemu ya bili.
- *Vyombo.* Ukitumia unaosha kabla ya kulala. Sufuria lililolala kwenye sinki linatolewa nje uani, ndani ya ndoo iliyotengwa kwa hilo.
- *Chakula.* Katika nyumba yenye Waislamu na Wakristo, suala la nyama ya nguruwe limalizwe siku ya kwanza. Kwenye jiko, sufuria na friji za wote haipikwi wala haihifadhiwi. Anayependa kitimoto ale huko huko inakochomwa. Nimeona nyumba yenye amani ikivunjika kwa kisu kimoja cha jikoni.
- *Mwezi wa Ramadhani.* Jiko liko wazi usiku kwa daku, na anayepika saa kumi alfajiri afunge mlango wa korido. Wasiofunga wajulishwe mwezi ukiandama, wasishangae.
- *Kelele.* Baada ya saa nne usiku, muziki kwa spika za masikioni.
- *Kufua.* Siku na zamu za kamba, na maji yakiwa ya mgao, kufua kunasimama.

Teua mpangaji mmoja awe kiongozi wa nyumba. Mpunguzie kodi kidogo, na muandikie kazi zake: kuita fundi, kusoma mita, kukagua usafi. Kumbebesha bila malipo ni kumchosha.

Hatua ya 8: Mikataba na kodi ya serikali

Kila mpangaji awe na mkataba wake wa chumba chake. Mkataba mmoja wa watu wanne unamaanisha mmoja akiondoka, wote wanayumba. Uwe na namba ya chumba, kodi, amana na masharti ya kuirudisha, notisi ya mwezi mmoja, orodha ya vitu vilivyomo pamoja na hali yake, na zile kanuni zikiwa zimesainiwa nyuma. Piga picha za chumba mbele yake siku anayoingia.

Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya mwajiri au chuo, na namba ya ndugu wa karibu. Nakala hizo zifunge kabatini. Kuzizungusha kwenye simu za watu ni kinyume na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Mpeleke mpangaji akaandikishwe serikali ya mtaa.

Kwa TRA: mapato ya pango yana kodi ya zuio ya asilimia 10 kwa mkazi, na mkataba una ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka. Wengi wanaona stempu ni usumbufu. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe, kwa hiyo unailipia kinga yako mwenyewe.

Kodi ipokelewe kwa njia moja tu, Lipa Namba au akaunti ya benki, na risiti itolewe kila mara. Mazoea ya Dar ni kudai miezi mitatu hadi sita. Kwa nyumba ya pamoja ninapendelea mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja. Kijana aliyeajiriwa juzi hana ya miezi sita, na mpangaji asiyefaa uliyeshachukua kodi yake ya nusu mwaka utakaa naye nusu mwaka.

Hatua ya 9: Kumpata mpangaji na kumchuja

Dalali analeta mtu haraka, na kazi yake ni kuleta mtu. Kuchuja ni kazi yako. Mkubaliane kwa maandishi atachukua kiasi gani na kwa nani, na asimtoze mtu fedha ya kuoneshwa chumba ambacho kimeshachukuliwa, maana jina linaloharibika ni la nyumba yako.

Mtu akija kuona chumba, mwite jioni, saa ambayo wenzake wapo. Mketishe sebuleni nao robo saa. Muulize anapika mara ngapi, analala saa ngapi, nani atakuja kumtembelea. Akiondoka, waulize waliomo. Wakimkataa, muache aende, hata chumba kikae wazi wiki mbili zaidi. Mpangaji mmoja mbaya anahamisha watatu wazuri.

Jaza chumba kimoja au viwili kwanza, ishi nao mwezi, rekebisha yanayojitokeza, ndipo ujaze vilivyobaki.

Mambo yakienda kombo

*LUKU inaisha upesi kuliko kawaida.* Zima breka za vyumba vyote, angalia kama mita kuu inaendelea kutembea. Ikitembea, tatizo liko maeneo ya pamoja: pampu inayojiwasha kwa sababu bomba linavuja, au friji yenye mpira wa mlango uliochoka. Ikisimama, rudisha breka moja moja mpaka umpate mhusika.

*Bili ya maji imepanda ghafla.* Tia rangi kidogo, hata ya chakula, kwenye tangi la maji la choo, subiri dakika ishirini bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, mpira wa ndani umekufa. Unabadilishwa kwa fedha ndogo.

*Choo kinarudisha maji.* Fungua chemba ya karibu. Ikiwa imejaa, shimo limejaa au bomba la kwenda shimoni limeziba. Ikiwa kavu, kizibo kiko kati ya choo na chemba. Mwambie fundi ulichokiona kabla hajaja, atakuja na vifaa sahihi. Na weka ndoo yenye mfuniko kila choo, vitu vingi vinavyoziba ni taulo za kike na vitambaa vilivyokosa pa kutupwa.

*Mgeni amehamia.* Zungumza na mpangaji peke yake, si mgeni, na mwenye kanuni mkononi. Mpe wiki moja achague: mgeni aondoke, au asajiliwe na alipe bili kama mwingine, kama chumba kinawatosha wawili na wenzao wameridhia.

*Kodi imechelewa.* Siku ya tatu, ujumbe. Siku ya saba, maongezi ana kwa ana na tarehe ya kulipa iliyoandikwa. Ikipita, notisi kulingana na mkataba. Usimfungie mlango, usitoe vitu vyake nje, usimkatie umeme, using'oe mlango kama wafanyavyo wengine. Ukifanya hivyo wewe ndiye unayekuwa mkosaji. Anzia serikali ya mtaa kwa usuluhishi. Isipowezekana, fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ukiwa na mkataba wenye stempu na risiti zako.

*Wawili hawaongei tena.* Usiite kikao cha nyumba nzima kwanza. Watu wakikaa pande mbili hawarudi. Sikiliza kila mmoja peke yake, kisha wote wawili. Kama ni suala la vitu, gawa vitu. Kama ni suala la tabia, mpe mmoja nafasi ya kuhama bila kukatwa amana. Amana uliyorudisha ni ndogo kuliko vyumba viwili vitupu.

*Chumba kimoja hakipati mtu.* Lala humo usiku mmoja wewe mwenyewe, au msimamizi wako. Utakuta sababu: jua la jioni linapiga ukuta wote, harufu ya chemba inaingia dirishani, au pampu ya jirani inanguruma alfajiri. Kirekebishe hicho kwanza, bei utaizungumza baadaye.